Ngamia wa Kichuguu

Mimi nimehitimu masomo mara mbili. Mara ya pili nilihitimu ukubwani, katika darasa la jioni, chini ya taa ya karabai iliyovuta wadudu wote wa ziwani, nadhani wengine waliondoka pale wanajua kusoma. Hiyo watu wanaijua, na cheti ninacho. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, standadi ya pili, ilikuwa siku ya Noeli, na aliyenihitimisha ni bibi yangu mzaa baba, mtu asiyejua hata herufi moja. Sababu ilikuwa ngamia.

Wakati huo, enzi za Mwingereza, tulikuwa tunakaa Mukendo, hapa Musoma, katika nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga baba mwenyewe. Baba alikuwa mwashi. Mwaka huo alikuwa Bunda akijenga ghala la pamba, na ghala lenyewe halikuisha, maana kila tajiri wa pamba akipita alikuwa anataka liongezwe kidogo. Baba alikuwa anakuja nyumbani na lori mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi alituma barua kwa mkono wa dereva wa lori. Mama alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi.

Barua za baba zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. "Mimi mzima. Mvua ipo. Nitakuja mwisho wa mwezi." Mimi nilizisoma nusu saa. Humo ndani nilikuwa natia simba aliyekula saruji, nyapara aliyeteleza akaingia kwenye pipa la chokaa akatoka Mzungu, na salamu kwa kila jirani mmoja mmoja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hayo yote yapo kwenye mistari hii mitatu?"

"Baba anabana maneno, mama."

"Kwenu mnabana kila kitu isipokuwa mdomo," akasema mama, akaikunja barua na kuiweka chini ya mkeka. Lakini barua nyingine ikija aliacha hata ugali jikoni, akakaa kunisikiliza. Kwa hiyo ninaposema kwamba mama alitaka nibaki shule kuliko alivyotaka kanga mpya, mniamini. Hiyo sikuongeza chumvi.

Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa fundi cherehani. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake Msukuma, na yeye mwenyewe kila Ijumaa baada ya swala alikuwa Mwarabu mpaka jua lizame. Wakati wa vita jeshi lilimpeleka hadi Uhabeshi kushona suruali za askari. Alirudi na cherehani, kikohozi, na habari nyingi kuliko alizoweza kutumia peke yake. Sisi watoto tulimwita Fundi tu.

Barazani kwa Fundi ndiko nilikojifunza sikukuu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, alitumwagia vitambaa vya mabaki, vipande vya kaki, vya merikani, vya kanga zilizochanika, na watoto wote wa mtaa, wa msikitini na wa kanisani, tukakaa chini kukata bendera za pembe tatu. Tulizibandika kwa uji wa muhogo kwenye kamba ya katani, tukazifunga kutoka nguzo ya Fundi hadi kwenye paa letu. Idd ikifika, sisi wa Noeli tuligeuka ghafla tukawa wa Idd, na sambusa hazikutuuliza dini. Mbuzi wetu alikuwa anazila zile bendera usiku, kwa sababu ya uji, na kila mwaka Fundi alimpa mama pole kwa kuwa mbuzi wake amesilimu.

Noeli yenyewe inakuja na mvua za vuli. Mvua ikipiga siku tatu, vichuguu vya nyuma ya shule vinalainika, na udongo wa kichuguu ukishalainika hakuna mtoto wa Mara anayeweza kukaa kimya. Mikono inawasha. Unachimba, unakanda, unatoa ng'ombe. Hatufundishwi. Wazazi wetu wengi walikuwa watu wa mifugo waliokuja mjini kufuata mshahara, na ng'ombe waliowaacha nyuma walituingia kwenye vidole. Mtoto wa Mukendo ambaye hajawahi kukamua alijua nundu inakaa wapi, pembe zinapinda vipi, na sikio la ng'ombe wa kwao linakatwa alama gani.

Sasa, mwalimu wetu wa shule ya misheni hakuwa mtu wa huku. Alitoka upande wa kusini, kwenye mihogo na korosho, na ng'ombe alikuwa amemwona zaidi kwenye sahani. Wiki mbili kabla ya Noeli akatwambia, "Mwaka huu pango la kanisani watapamba watoto. Kila mmoja aniletee mnyama mmoja wa udongo wa kukaa na Mtoto Yesu." Hakusema mnyama gani. Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi iliyofuata alipata ng'ombe arobaini na tatu.

Hawakuwa ng'ombe wa mchezo. Walikuwa na alama za masikio, wengine walikuwa na mimba, na fahali mmoja wa kutoka mtaa wa Iringo alikuwa amefungwa kengele ya kizibo cha soda. Mwalimu alipoanza kuwapanga mezani, ugomvi ukazuka, kwa sababu watoto wa ukoo fulani hawakukubali ng'ombe wao walale karibu na ng'ombe wa ukoo mwingine waliokuwa na kesi ya wizi wa mifugo tangu babu zao. Msichana mmoja alilia kwamba mtamba wake amepandwa bila idhini. Mwalimu alishika kichwa.

"Bethlehemu haikuwa mnada," akasema. "Nilitaka ng'ombe mmoja. Mmoja tu. Punda je? Kondoo je? Wale mamajusi walikuja wamepanda nini?"

"Ng'ombe," tukajibu darasa zima.

Akapita meza kwa meza. Halafu akaona kwamba mezani pangu palikuwa na ng'ombe watatu, maana mimi sijawahi kuambiwa kimoja nikaleta kimoja.

"Wewe mwenye mikono mingi," akasema, "utaniletea ngamia."

Ngamia tulikuwa tunamsikia kwenye Injili akishindwa kupita tundu la sindano, basi. Hakuna aliyejua kwa nini anashindwa.

Jioni ileile nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe kutoka Butiama, kwa bibi. Aliuleta mtu mmoja wa kwetu aliyekuja mjini kuuza ngozi. Alikaa, akanywa chai, akamaliza chai, akauliza kama ipo nyingine, ndipo akasema. Binti wa shangazi, aliyekuwa akimtunzia bibi ndama, ameolewa. Ng'ombe watano wanazaa msimu huu. Bibi anasema anakuja Noeli, na atarudi na mke mwenzake.

Mke mwenzake ni mimi. Ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kike huko kwetu, na utani huo una raha yake mpaka siku mke mwenza anapoitwa kazini.

"Mtoto anasoma," akasema mama.

"Nilimwambia," akajibu yule mtu wa ngozi. "Akasema, vizuri, atakuja aone anasoma nini. Kama huko shule kuna kitu wanamtia kichwani, atamwacha amalize. Kama ni kuimba tu na kukaa kwenye benchi, anamchukua."

Barua ya baba ilipofika wiki hiyo, nilifika kwenye mstari ulioandikwa "Mama yangu akija, afanyavyo yeye ni sawa," na kwa mara ya kwanza nikasoma kama ulivyo, bila kuongeza kitu. Baba alikuwa mtu wa kuinua jiwe la msingi peke yake, lakini mbele ya mama yake alikuwaga kama kijana aliyepoteza mbuzi.

"Basi ndiyo hivyo," mama akaniambia. "Fanya huyo ngamia wako. Bibi yako haamini karatasi. Mnyama atamwamini."

Nikaenda kwa Fundi.

"Fundi, uliwahi kuona ngamia?"

Akatoa mguu kwenye pedali la cherehani. Swali hilo alikuwa amelisubiri tangu arudi vitani. "Kuona? Binti, mimi nilipimana naye. Alinitemea mate Uhabeshi, kanzu nzima, ikabidi waizike."

"Yukoje?"

"Yukoje." Akatafuta mahali pa kuchora. Mbele yake palikuwa na kaptura ya kaki ya karani wa boma, bado haijashonwa. Akachukua chaki yake, akachora pale pale kwenye kitambaa cha nyuma. "Mwili huu ni wa ng'ombe, lakini ng'ombe aliyekopa miguu. Hapa mgongoni ana nundu, si kama ya ng'ombe wenu ya kukaa shingoni, hii iko katikati kabisa, kama mtu aliyeficha mtungi chini ya shuka. Shingo sasa. Shingo inatoka hapa, inashuka, halafu inajuta, inapanda juu. Urefu wake," akavuta futikamba hewani, "tuseme futi nne unusu. Kichwa kidogo. Mdomo wa juu umepasuliwa katikati na haukushonwa. Macho ya bibi harusi."

"Pembe?"

"Hana."

"Hana pembe kabisa?"

"Hana. Usinitazame hivyo, sikumuumba mimi."

Mnyama asiye na pembe, mwenye shingo ya majuto. Niliondoka na huzuni. Karani wa boma naye, nasikia, alikaa wiki mbili na ngamia wa chaki amekaa matakoni kabla mtu hajamwambia, na mpaka leo nawashangaa wale waliokuwa wakimsalimu wakati anaondoka.

Ngamia wa kwanza alianguka shingo nikiwa bado namtazama. Nilimwacha juani akawa mbuzi anayekula majani. Wa pili shingo ilisimama asubuhi, adhuhuri ikainama, na ilipofika alasiri alikuwa mhanga anayetafuta mchwa kwenye udongo wa mchwa wenyewe. Wa tatu sitaki kumzungumzia. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, udongo haukauki, na Noeli inakuja. Mama alimweka yule wa nne karibu na mafiga, akawa anamgeuza kama samaki.

Fundi alikuja kumwona mgonjwa. Alimbonyeza kidole shingoni.

"Huyu tatizo lake ni la kola," akasema. "Kola isiyo na kitu kigumu ndani lazima ilale. Mpe kitu ndani."

Akaingia kwake akatoka na waya wa mwavuli mbovu. Tukauvunja, tukaupitisha shingoni kutoka kifuani hadi utosini, nikajazia udongo juu yake, na kweli shingo ikasimama. Ilisimama kwa kiburi. Tulikaa tunaitazama, mimi, Fundi na mama, kama watu waliosimamisha mnara.

Kitu ambacho mtu wa vitambaa hakujua, na mimi mtu wa ng'ombe wasio na shingo sikujua, ni kwamba udongo ukikauka unajikunyata na waya haujikunyati. Siku mbili kabla ya sikukuu niliamka nikakuta ufa umezunguka shingo yote pale inapotokea mabegani. Ukiutikisa mwili, kichwa kilisema ndiyo.

Nililia. Fundi akasema huo si ufa, huo ni mshono, na mshono una dawa yake. Akakata kipande cha hariri nyekundu aliyobakiza kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Kihindi, akamshonea ngamia kola. Kola ya kweli, yenye pindo na kifungo kimoja cha shati. Ikaufunika ufa barabara. Mke wa Fundi akaona mnyama bado ana rangi ya matope, akatoa manjano jikoni, akayakoroga na uji, tukampaka. Akawa wa dhahabu. Pia akawa ananuka mchuzi.

Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili.

"Mbona amevaa kola?"

"Ni ngamia wa mfalme, Mwalimu. Wa watu wa kawaida ndio hawavai."

Mwalimu alifikiri kidogo. Hakuwa na ushahidi wa kupinga. Akamweka mbele kabisa, karibu na hori, na nyuma yake akawapanga wale ng'ombe wote arobaini na tatu, maana wazazi walikuwa wameshaanza kuja kuuliza wa kwao watalala wapi. Kondoo alikuwa mmoja, wa pamba ya Bunda. Mtoto Yesu usingeweza kumwona bila kuonyeshwa. Lakini nyororo za karatasi za mifuko ya saruji, alizotumwa baba kutuletea, zilizunguka pango lote, na juu yake zikaning'inia bendera zetu za Idd ambazo mbuzi alizisaza.

Bibi aliingia Mukendo asubuhi ya Noeli. Alisafiri na lori hadi njiani, lori likazama kwenye tope, akaliacha, akatembea. Alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, jogoo, na fimbo. Baba alikuwa amefika jana yake kutoka Bunda, na alipomwona mama yake akaficha sigara kwenye kiatu, ikiwa inawaka. Bibi alitusalimu wote, akanishika mkono, akanipima kiwiko kwa vidole kama anayenunua.

"Mke mwenzangu umekonda. Huko shule mnakula nini?"

"Tunakula maharage, bibi."

"Maharage ni dawa ya tumbo, si chakula. Haya, twende nikaone."

Misa ilipokwisha watu wakasogea kwenye pango. Bibi, mtu ambaye hakuwa wa kanisa wala wa msikiti, alisimama mbele ya ng'ombe arobaini na tatu akawakagua mmoja mmoja. Alitaja koo zao kwa alama za masikio. Huyu wa fulani, huyu wa kina fulani, huyu aliyefinyanga hajui kwamba kwao wanakata sikio la kushoto. Watu wakaanza kumfuata nyuma. Padri naye alikuwa amesimama pembeni, mahubiri yake hayakuwahi kusikilizwa hata nusu ya vile.

Halafu akamfikia ngamia.

Alimtazama. Akainama. Akamzunguka upande huu, akamzunguka upande ule.

"Huyu aliyeugua ni wa nani?"

"Wangu, bibi," nikasema. "Hakuugua. Ni ngamia."

"Ni ng'ombe wa wapi?"

Mama alinitazama. Baba aliutazama mguu wake, maana ile sigara ilikuwa imemwachia lengelenge. Na mimi nikajua ndiyo hapa. Huu ndio mtihani. Kama kuna kitu shule imenitia kichwani, kitoke sasa.

"Ni wa nchi za mbali, bibi. Wa kwenye mchanga."

"Mchanga hauna majani. Anakula nini?"

"Miiba."

Bibi akanyanyuka kidogo. "Miiba?"

"Miiba mitupu. Majani akipewa anakataa."

"Maji?"

Fundi alikuwa ameniambia anakunywa mara moja kwa wiki. Lakini wiki ilionekana ndogo mbele ya watu wengi vile. "Mara moja kwa mwezi, bibi. Mwezi wa mavuno hanywi kabisa, anaona aibu."

"Maziwa je?"

"Debe moja asubuhi, debe moja jioni. Na jioni yake inatoka ikiwa tayari imeganda."

Watu wakaguna. Bibi hakuguna. Alikaa chini kwenye sakafu ya kanisa, akaweka fimbo magotini.

"Mbung'o?"

"Mbung'o akimuuma, anakufa mbung'o."

"Kupanda lazima uwe na ngazi."

"Hapana. Ukimwambia, anapiga magoti. Mbele kwanza, halafu nyuma. Anakusubiri ukae vizuri."

"Akizaa?"

"Akizaa," nikasema, na hapo sikumbuki tena Fundi aliniambia nini, nilikuwa naogelea mwenyewe, "akizaa unamkausha ndama kwa majani makavu, unampasha moto siku ya kwanza, unamtenga na mama yake usiku ili asimalize maziwa, na asubuhi unamwachia chuchu mbili. Shingo yake lazima uisugue kwa siagi, la sivyo haikui."

Yale ya ndama yalikuwa ya kweli kabisa, niliyaona kwa bibi mwenyewe nikiwa mdogo. Nilichomeka siagi tu. Bibi alitikisa kichwa pole pole, mara nyingi. Nilimwona mama anatabasamu, na mimi nikajua nimeshinda. Hata Mwalimu alikuwa amevuta kifua mbele kama yeye ndiye aliyenifundisha.

Bibi akashika fimbo akasimama. Akamgeukia baba.

"Mwanangu, nilidhani wanampotezea muda. Nimekosea. Huyu ameshajua mnyama wa nchi asiyoijua, anajua anakula nini, anazaa vipi, ndama anatunzwa vipi. Wamemfundisha, amekwisha. Sasa anafanya nini tena pale kwenye benchi? Awaachie wenzake ambao hawajajua."

"Lakini, mama," akasema baba.

"Lakini nini? Ukimaliza nyumba unaendelea kuijenga?"

Baba, aliyekuwa na mwaka mzima juu ya ghala moja la Bunda, akainama kufunga kamba za kiatu. Mwalimu alijaribu. Alieleza kwamba baada ya standadi ya pili kuna ya tatu, na baada ya hiyo kuna ya nne. Bibi alimsikiliza kwa heshima zote, akamuuliza, "Na huko ya nne wana mnyama mkubwa kuliko huyu?" Mwalimu akakubali kwamba hawana.

Hivyo ndivyo nilivyohitimu. Wengine wanaondolewa shule kwa kushindwa. Mimi niliondolewa kwa kufaulu kupita kiasi.

Kesho yake tuliondoka kwenda Butiama. Bibi aliomba aende na ngamia, na Mwalimu hakuweza kumkatalia. Bibi alimweka kwenye kikapu kichwani mwake mwenyewe, juu ya dagaa wakavu na chumvi, akanikabidhi yule jogoo, maana alikuwa amebadili mawazo ya kumtoa zawadi. Fundi alisimama barazani akiwa na futikamba shingoni. Mama alinipa kanga yake ya zamani na barua tatu za baba, nikazifanye nini sijui, labda nizisome kwa ng'ombe. Alisema tu, "Nani sasa atanisomea?" na akaingia ndani haraka, kama aliyesikia chungu kinafurika.

Barabara ya kwetu ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo. Tulipofika kwa bibi na kushusha kikapu, ngamia alikuwa vipande viwili. Kola ilikuwa imefunguka kifungo. Shingo na kichwa, pamoja na waya wake wa mwavuli, vilikuwa upande mmoja katikati ya dagaa, na mwili upande mwingine.

Nilingoja bibi akasirike. Akautoa mwili, akaupuliza dagaa, akauweka kwenye kiganja akiunyoosha mkono mbele yake.

"Afadhali," akasema. "Sasa anaonekana."

Akamega udongo mbichi pale mlangoni, akafinyanga kichwa kifupi chenye pembe mbili, akakibandika mahali pa kola. Hakuchukua muda wa kukuna kichwa. Ile nundu ya katikati akaisukuma mbele kwa dole gumba na mate mpaka ikakaa panapostahili. Watoto wa boma la bibi walikuwa na zizi lao la ng'ombe wa udongo nyuma ya ghala la mtama, walilolijenga mvua zilipoanza, wakamchukua wakamwingiza. Kwa siku mbili walimlaza peke yake kwa sababu ya harufu ya mchuzi. Ya tatu alikuwa mwenzao, na ungenituma leo nimtafute ndani ya zizi lile nisingemtambua.

Mimi nilipewa ndama watano. Niliwakausha kwa majani makavu, nikawapasha moto, na wa kwanza nilimsugua shingo kwa siagi kidogo, kisiri, kuona tu. Nilikaa Butiama miaka saba. Sitasema nilikuwa na taabu, maana maziwa yalikuwepo, na kila vuli nilikuwa jaji mkuu wa ng'ombe wa udongo wa vijiji vitatu. Lakini ile shingo nilikuwa nimeichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mahali ninapolala, na yule mnyama wa macho ya bibi harusi alinitazama kila nikiamka. Nikawa namsomea zile barua tatu. Mistari tisa kwa miaka saba. Ilirefuka mpaka ikawa na wafalme.

Nilirudi Mukendo nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto. Fundi bado alikuwa barazani, cherehani ileile, kikohozi kilekile. Hakuuliza hali yangu kwanza.

"Ngamia mzima?"

"Mzima, Fundi. Amezaa mara mbili."

"Si alikuwa dume?"

"Huko Butiama hawaangalii hilo."

Nikafungua fundo la kanga, nikampa shingo. Alivaa miwani, akaipima kwa futikamba, akasema imepungua inchi moja kwa sababu ya hewa ya bara. Halafu akaichungulia kwenye mpasuko pale chini, ambako waya bado ulikuwa umechomoza.

"Wamefungua darasa la watu wazima hapo nyuma ya soko," akasema. "Jioni. Wanakaa wanaume peke yao, wanaona haya hata kukohoa."

"Mimi nilishahitimu, Fundi."

"Ulihitimu mwili. Kichwa hiki hapa, hakikuhitimu." Akanirudishia, akageukia cherehani yake. "Kipeleke. Na ukiulizwa, usiongeze chumvi."

Jumatatu ile nilikwenda, mtoto mgongoni, shingo ya ngamia mkononi, nikaiweka juu ya dawati. Mwalimu, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta njia, akauliza hicho ni kitu gani.

Nikamwambia. Darasa la siku hiyo halikuanza mpaka taa ilipoishiwa mafuta.